Shuka Jeupe Juu ya Paa Tupu

Mimi ni dobi, na dobi asiyepekua mifuko huyo si dobi, ni mtu anayelowesha nguo tu. Kwenye mifuko ya watu nimekuta pete, meno ya bandia, na barua za mapenzi zilizokunjwa ndogo kama kidonge. Vyote nimerudisha na mdomo nimefunga. Lakini kadi niliyoikuta Ijumaa ile kwenye suruali ya mume wangu mwenyewe, hiyo sikuirudisha.

Kadi ilisema Jumamosi ni Siku ya Familia. Wafanyakazi wote wa kileleni walete wake, waume na watoto wao, wapande bure, waone jiji kutoka juu. Ilikunjwa mara nne, na Jumamosi ndiyo ilikuwa kesho. Mtu nimelala naye kitanda kimoja miaka thelathini! Nikamwuliza mezani, tena kwa upole, "Kazini kuna jipya?" Akajibu, "Jipya litoke wapi?" Nikasema moyoni, haya baba, kesho utaliona.

Jina lake la kazini ni Mwewe. Kule juu ya mlima kuna uwanja wa kutazamia jiji, umezungushiwa ukingo wa chuma, na kwenye ukingo zimesimama darubini tatu. Yeye ndiye mwenye darubini. Amekaa nazo miaka ishirini na minne akiwaelekeza wageni: pale stesheni, pale uwanja wa mpira, pale mto unapokata kona. Wenzake walimwita Mwewe kwa sababu, eti, akiwa juu kule aliweza kuona chawa kwenye kichwa cha mtu aliye mjini. Walitia chumvi, najua, ila jina likamganda. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na kwa miezi mitatu wimbo nyumbani ulikuwa ule ule: wakimwongeza miaka miwili atastaafu kwa heshima na kiinua mgongo chake kamili, wasipomwongeza ndiyo basi tena.

Tunakaa ghorofa ya nne, ya mwisho, kwenye jengo la kijivu karibu na kituo cha vibanda vya waya, vile vinavyoning'inia na kupandisha watu mlimani. Paa la jengo ni tambarare, na hilo paa ndiyo ofisi yangu: kamba sita, mapipa mawili ya maji, beseni kubwa la bluu na ubao wa kufulia uliolika katikati. Tulipohamia pale tulijiwekea utaratibu wetu. Saa sita mchana naanika shuka moja kwenye kamba ya mbele, peke yake. Jeupe, nyumbani salama. La bluu, kuna mgeni, rudi na mkate. Jekundu, acha kila kitu uje. Yeye akishaliona kwenye darubini anatoa kioo mfukoni na kunimulikia, nami naona kitu kimemeta kule juu, nacheka peke yangu kama mwehu. Majirani walitusema, watu wazima na michezo ya watoto. Simu zilipokuja hatukuacha. Kwenye simu anaweza kukupigia yeyote, lakini shuka lile lilikuwa la mtu mmoja tu.

Utaniuliza, miaka yote hiyo sijawahi kupanda? Sijawahi. Siku ya jua dobi hana pa kwenda. Na kila nilipotaja, Mwewe alicheka akasema, "Ukipanda wewe, mimi nitaangalia nini?" Mwanamke akiambiwa neno kama hilo anavimba kichwa, hakumbuki kuuliza swali la pili.

Basi Jumamosi nikamwacha atangulie. Nikaanua kila kitu, maana nguo ya mteja haiachwi kambani bila mtu, nikageuza beseni chini juu, kamba zote sita zikabaki tupu. Nikavaa gauni la kijani ambalo jirani yangu fundi cherehani alinishonea na Mwewe alikuwa hajaliona. Fundi akanichungulia mlangoni, akasema, "Shoga, leo unakwenda kumfumania nani?" Nikamwambia namfumania mume wangu na mlima wake. Tukacheka sana.

Kibanda kikapanda. Nilifumba macho mpaka mlango ukafunguka. Nilipoyafumbua, jamani! Jiji hili nimelifulia miaka thelathini na sikujua ni kubwa namna ile. Paa juu ya paa mpaka macho yanachoka, barabara nyembamba kama nyuzi, na kelele zake zote hazifiki. Nilisimama mdomo wazi. Nilidhani huo ndio mshangao wangu wa siku ile, na kwamba umeshaisha.

Sauti yake ndiyo niliyoisikia kwanza. Alikuwa kwenye darubini ya kati, amezungukwa na watu kama ishirini, na mimi nikajibanza nyuma ya mwanamume mmoja mnene ili nimshtukize vizuri. Nakwambia ukweli, nilimwonea fahari. Kofia imekaa sawa, shati nililolipiga pasi mwenyewe halina hata mkunjo.

"Sasa ndugu zangu," alisema, "mwisho nawaonyesha kitu ambacho hakimo kwenye ramani yoyote." Akaizungusha darubini taratibu, kidole kikipapasa shina lake mpaka kikakwama kwenye alama fulani. "Lile paa la kijivu, karibu na kituo mlichopandia. Pale anafua mke wangu. Mnaliona shuka? Leo ni jeupe. Ananiambia nyumbani salama."

Watu wakasema aaah, kwa raha. Mimi nikatabasamu. Nikadhani anawapa wageni utamu kidogo, kama muuza duka anavyosema kitambaa hiki kimebaki kimoja. Yule mnene akainama kwenye darubini, akapiga ukelele, "Nimeliona! Jeupe pepepe!" Mkewe akamsukuma, akaangalia yeye. "Mimi naona kamba tu."

"Funga jicho moja, mama," Mwewe akamwambia.

"Nimefunga."

"Basi fungua hilo, ufunge la pili."

Watu wakavunjika mbavu. Yule mama akaona haya, akasema aa, ndiyo, sasa analiona. Na baada yake wote waliliona. Watu wanane, mmoja baada ya mwingine, waliona shuka jeupe kwenye kamba nilizoziacha tupu kwa mikono yangu hii. Kicheko kikaanza kunikauka.

Zamu yangu ikafika. Nikasogea mbele yake, karibu kabisa, kiasi cha kumgusa kofia. Nikangoja macho yamtoke. Akanitazama usoni, mimi, na gauni langu la kijani, akatabasamu kama anavyowatabasamia wote.

"Karibu mama, sogea bila woga. Hapa pana ngazi moja, angalia mguu. Umetoka mbali?"

Nilimtazama nikingoja acheke, aseme nimekupata! Hakucheka. Macho yake yalikuwa yananielekea na hayakuwa yakiniona, na ndani ya mboni, kwenye jua kali lile, kulikuwa na weupe, mzito kama maji ya wanga. Nyumbani taa yetu ni hafifu. Sikuwahi kuuona.

"Mama, wenzako wanasubiri," akasema kwa upole.

Nikainama kwenye darubini kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Niliona paa langu. Si kwa mbali, niliona kama niko juu yake: kamba sita tupu, beseni la bluu limelala kifudifudi, ubao wa kufulia, hata vibanio vitatu nilivyovisahau. Niliona na ile kona ya pipa la pili.

Ngoja nikueleze kuhusu kona ile. Miaka mitatu nyuma niliteleza pale kwenye sabuni, asubuhi, mguu ukavunjika juu ya goti. Simu ilikuwa chini ndani, majirani wote makazini. Nilijiburuta kwa viwiko mpaka kwenye kapu, nikatoa shuka jekundu, nikalitupia juu ya kamba ya mbele. Sijui nilifanyaje. Saa sita juu kule kikamulika kioo. Nililia kwa furaha, wallahi, nikasema ameona, anakuja. Kibanda kinateremka kwa robo saa. Nikahesabu robo saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu nikazimia. Fundi cherehani ndiye aliyenikuta saa kumi. Mume wangu alifika saa kumi na moja, saa yake ya kila siku, akiwa na mkate. Alisema alimulika kioo kwanza, na kabla hajatazama kwenye darubini ukungu ukafunga mlima wote. Nikamwamini. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiulaani ukungu.

Sasa nilikuwa nimesimama pale alipokuwa amesimama. Mtu mwenye jicho moja bovu angeniona. Angeona mpaka rangi ya kilemba changu.

King'ora cha saa sita kikalia mjini. Nyuma yangu Mwewe akawaambia watu, "Samahani, namjibu mke wangu." Akatoa kioo mfukoni, akakiegemeza kwenye alama nyingine ukingoni, akamulika. Alikuwa anatabasamu. Alilimulikia paa tupu, na mimi nimesimama ubavuni mwake.

Nikaukamata mkono wake wenye kioo. Mkono wa dobi haufichiki, umepasuka kila mahali na unanuka sabuni hata siku ya harusi. Nikaona tabasamu likimteremka usoni polepole. Aliupapasa mkono wangu kidole kwa kidole.

"Ni wewe?" akanong'ona. "Kama uko hapa, nani yuko nyumbani?"

"Hakuna mtu."

"Na shuka?"

"Hakuna shuka, baba. Nimeanua kila kitu."

Wageni wakadhani ni mapenzi, wengine wakatupiga picha. Na mimi kichwani mambo yakaanza kuniangukia moja moja. Kidole anachochovya kwenye kikombe anapomimina chai, na mimi namgombeza, mtu mzima huna adabu. Gazeti aliloacha kusoma kwa kuwa eti habari ni zile zile. Mkate aliokuja nao kila siku, kuna mgeni hakuna mgeni, mpaka mikate ikawa inatuotea ukungu kabatini. Na jioni anaporudi anasema, "Nimeliona shuka lako leo," wala hata siku moja hakutaja rangi. Kubwa kuliko yote, bega langu. Tangu nivunjike mguu, tukitoka barabarani alinishika bega, na mimi nikawatambia wanawake wenzangu: jamani, mume wangu ananishikilia nisianguke. Kumbe mwenye kushikiliwa alikuwa yeye! Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote.

Hapo hapo akaja meneja mpya, mwanamke kijana mwenye sauti laini, karatasi mkononi. "Mzee Mwewe! Huyu ndiye mama wa mashuka? Karibu sana mama, tumekusikia miaka." Akanishika mikono yote miwili. "Umekuja siku nzuri. Tunamwongeza mzee miaka miwili. Na kuanzia mwezi ujao ndiye atakayewapitisha watoto wa shule kwenye ngazi za nyuma, zile za mwambani. Zile hazina ukingo, kwa hiyo tunataka mtu mwenye jicho."

Akampa kalamu. Mwewe aliipokea, na kwa mkono mwingine akanibana kidole changu kidogo, kwa nguvu. Aliinamisha kichwa kama anasoma ile karatasi. Alikuwa ameishika juu chini.

"Mke wangu," alisema bila kuinua uso, chinichini. "Nakuomba."

Miaka thelathini hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Miaka miwili tu, na heshima yake ingekuwa salama. Wahenga wanasema usimwage mtama kwenye kuku wengi, na kuku walikuwepo, zaidi ya ishirini, na kamera zao. Lakini nilikuwa nawaona watoto kwenye zile ngazi, wamepanga mstari na vifuko vyao mgongoni, nyuma ya mtu anayepapasa. Nikajikuta nimesema, tena kwa sauti niliyodhani ni ya mtu mwingine.

"Meneja, mume wangu haoni."

Meneja akacheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaiona karatasi ilivyoshikwa. Mwewe akaiweka kalamu juu ya ukingo, ikaviringika, ikaangukia kule chini liliko jiji lote. Yule mnene aliyeona shuka jeupe pepepe akageuza uso akajidai anatazama mto.

Tulishuka kwenye kibanda wawili tu.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Nguo ndiyo kazi yangu. Tangu lini?"

"Miaka sita. Ilianza kama moshi. Nikasema utapita."

"Miaka sita! Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe hujui? Na siku ya shuka jekundu hakukuwa na ukungu."

Kibanda kikayumba. Safari hii sikufumba macho, nilimtazama yeye.

"Hakukuwa," akasema. "Nilimulika kioo kama kawaida nikakaa chini kunywa chai. Kila siku nilijiambia leo ni jeupe. Miaka sita, kila siku, naomba liwe jeupe."

Nilimtukana. Sitakwambia matusi yenyewe, lakini yalitosha kutufikisha chini. Nilimwambia amekunywa chai na mimi nakufa juani. Hakujitetea. Tuliposhuka akanyoosha mkono kutafuta bega langu, akakumbuka, akaurudisha. Alisimama pale kituoni watu wakimpita kushoto na kulia, asijue aanzie wapi, mahali anapopita kila siku ya Mungu. Nikamwacha asimame kidogo. Kisha nikaenda nikauchukua mkono wake nikauweka begani mwenyewe, kwa hasira.

Kazi ikaisha wiki ile ile. Meneja alileta barua kwa mkono wake, na kofia ya kazi aiweke kama kumbukumbu. Hospitali wakasema jicho la kushoto limekufa, presha ya macho imelimaliza, hata wangefanyaje. La kulia ni mtoto wa jicho tu, anatolewa. Daktari aliuliza mbona mmekaa muda wote huo, nami nikamwambia muulize mwenyewe, anapenda kueleza wageni.

Siku ya kufungua bandeji nilivaa lile gauni la kijani. Daktari akabandua, akamwekea tone la dawa, akasema afumbue polepole, akatoka kwenda kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili. Mwewe akapepesa, akapepesa. Akanitazama kwa muda mrefu, safari hii nikajua natazamwa.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe ulidhani umeoa jiwe? Sema gauni."

"La kijani." Akacheka. "Zuri."

Dawa zake zilikuwa juu ya meza kwenye kona ya pili ya chumba. Nikaenda kuzichukua, na sikufikiri lolote, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi. Aliponiuliza siku ile tuliposhuka mlimani, nilimwambia nachechemea kidogo tu, tena nikichoka, na tangu hapo kila alipolishika bega langu nililikaza lisimwambie zaidi. Ukweli ni kwamba mguu ule uliungwa vibaya, ni mfupi kwa vidole vitatu, na nikitembea mwili mzima unaangukia upande mmoja na kuinuka tena. Wateja wangu wote wanajua. Niligeuka na chupa mkononi nikakuta kicheko kimemwisha.

"Rudi mpaka pale mezani," akasema. "Tembea tena."

"Kwa nini?"

"Tembea tena, mke wangu."

Nikatembea. Kwenda na kurudi, polepole, sikujikaza. Nilipofika alikuwa amekamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka, lile jicho zima na lile lililokufa, yote mawili sawasawa. Sauti iliyomtoka sijaisikia kwa mwanamume yeyote, hata msibani.

Daktari akarudi mbio, akafoka. Mgonjwa wa jicho haruhusiwi kulia, ataharibu kazi yote, mama mnyamazishe mumeo tafadhali.

"Mwache, daktari," nikamwambia. "Ndiyo kwanza ameliona shuka jekundu."